Marekani: Nguo Iliyochaguliwa Pwani, Ikafumwa Mbali

Katika nyumba nyingi za watu wetu, iwe Maskati, Dubai au London, lingaliko neno moja ambalo watoto hulisikia kwa wakubwa bila kujua limetoka wapi. Bibi akitaka kitambaa kizito kisichopaushwa, cha kushonea godoro au mto wa usufi, husema anataka marekani. Hakusudii nchi. Kitambaa chenyewe huenda kimefumwa India au Pakistani, na mwenye duka anajua hivyo, lakini jina halikubadilika. Umri wake sasa unakaribia miaka 200, na ndani yake mna historia ya viwanda ambayo kwa kawaida husimuliwa kwa upande mmoja: mashine za ng'ambo zilitengeneza, sisi tukapokea. Ukweli ni kwamba mnunuzi wa Pwani na wa bara alikuwa na kauli kubwa juu ya mashine zile. Linalosumbua ni kwa nini kauli hiyo haikuzaa kiwanda nyumbani kwake.

Pwani haikuwa ngeni kwa ufumaji. Kilwa wamefukuliwa vigae vingi vya vyungu vilivyochongwa mduara na kutobolewa katikati, vilivyotumika kama uzito wa kijiti cha kusokotea uzi wa pamba. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, ameandika kwamba nguo za mji ule, zenye kuitwa kwa jina lake, zilipelekwa hadi Misri. Lakini habari ninayoipenda kuliko zote ni ya Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16. Anasema Waislamu wa Sofala walifuma nguo nyeupe ila hawakujua kutia rangi. Basi walinunua nguo za rangi zilizotoka Khambhat ya Gujarat, wakazifumua, kisha wakafuma upya nyuzi zile pamoja na uzi wao mweupe. Bidhaa ya mgeni ikawa mali ghafi ya mwenyeji. Upande wa Oman nako vitanda vya wafumi vilikuwa na kazi. Richard Burton alipoorodhesha nguo zilizokuwa zikipanda bara katika miaka ya 1850, aliitaja sohari, nguo ya miraba ya buluu na nyeupe yenye ukingo mwekundu, kazi ya Maskati. Jina lenyewe linatupeleka Suhar.

Marekani iliingia kwa mkataba. Tarehe 21 Septemba 1833, Seyyid Said bin Sultan aliafikiana na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, kwamba raia wa nchi hiyo watafanya biashara katika bandari zake na kutozwa ushuru wa asilimia 5 tu kwa mali watakayoishusha. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja kuwa balozi mdogo. Ubalozi haukumzuia kufanya biashara. Upesi akapatana na Jairam Shivji, Banyani wa Kachi aliyekodi forodha ya Seyyid. Miaka mitatu baadaye merikebu Sultana ikatia nanga New York, tarehe 30 Aprili 1840, na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman al-Kaabi. Picha ya Ahmad iliyochorwa huko na Edward Mooney tunaionyesha kwa fahari, na ni haki yetu. Shehena ya kurudia haizungumzwi sana: humo mlikuwa na majora ya nguo za pamba za Marekani.

Mjini Salem penyewe, kampuni ya Naumkeag iliundwa mwaka 1839 na kuanza kufuma kwa nguvu ya mvuke mwaka 1847. Biashara yetu ililisha kazi nyingine pia. Sandarusi iliyochimbwa Mrima ilisafishwa Salem kabla ya kufanywa vanishi. Pembe za ndovu zilikwenda Connecticut, ambako vijiji vya Deep River na Ivoryton viliishi kwa kuchonga vitana na vibao vya piano. Ivoryton hata jina lake ni la pembe.

Kwa nini iwe nguo ya Massachusetts, na si ya Manchester, iliyokuwa mji mkuu wa pamba duniani? Kwa sababu waliokuwa wakiinunua walikuwa wagumu. Marekani ilikuwa nzito, uzi wake umebanana, na ikifuliwa haikulegea. Waigaji wa Kiingereza walijaribu kuleta nguo mfano wake, lakini nyingi zilijazwa wanga ili zionekane nzito, na maji ya kwanza yalizivua nguo. Mnyamwezi aliyebeba mzigo wa karibu frasila 2 kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha akalipwa kwa shuka za mikono 4, hakuwa na sababu ya kupokea wanga badala ya pamba. Shuka mbili zilikuwa doti moja, na doti ilikuwa fedha. Fedha mbovu hukataliwa. Burton, na Stanley baada yake mwaka 1871, wote walilalamika jinsi kila nchi ya bara ilivyokuwa na nguo yake na ushanga wake. Aliyekosea kuchagua Unguja alikwama njiani na mali isiyonunulika. Stanley, kabla ya kufunga mizigo, ilimbidi akaulize wafanyabiashara wa Kiarabu wa mjini. Wao ndio waliojua kaniki inapendwa wapi na marekani wapi.

Hapa hapana budi kusema jambo ambalo katika mabaraza yetu hupitiwa haraka. Pamba ya jora la marekani ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Jora hilo likifika bara lilinunua pembe, na mara nyingi lilinunua watu. Na watu hao wakavuna karafuu za mashamba ya Unguja na Pemba ambazo zilijenga majumba tunayoyakumbuka. Utumwa ulikuwa katika ncha zote mbili za uzi uleule. Tukiandika historia ya ustadi wa wafanyabiashara wetu na kuliacha hili, tutakuwa tumeandika nusu ya daftari, ile ya mapato.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata njia hiyo. Pamba ikaadimika. Salem haikuirudia tena nafasi yake ya zamani, ingawa nguo za Marekani ziliendelea kuja. Aliyefaidi mwisho wake ni Bombay. Kiwanda cha kwanza cha pamba cha mji huo kiliundwa na Cowasji Davar mwaka 1854, na baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 na meli za barua za British India kuanza kufika Unguja mwaka 1872, masafa yakafupika. Waya wa simu uliofika kutoka Aden mwaka 1879 ukamaliza kazi. Lakini meli na waya havijui nguo gani inapendwa Ujiji. Elimu hiyo ilikuwa kwa Wakachi na Wagujarati wenye duka Unguja na ndugu Bombay: mmoja alisikia malalamiko ya mteja, mwingine alikuwa karibu na kiwanda. Ndiyo maana nguo ya Bombay iliyochukua nafasi ya marekani ilifanana nayo kwa uzito na ufumaji, na watu wakaendelea kuiita marekani.

Ukoo uliojua soko uliishi Unguja. Mtaji ulikuwapo. Seyyid Barghash aliona Bombay kwa macho yake alipohamishiwa huko baada ya jaribio lake la mwaka 1859. Alipotawala, kuanzia 1870, alinunua meli za moshi, akaleta maji safi mjini kwa mabomba, akaweka matbaa iliyochapa vitabu vya Kiibadhi. Kiwanda cha nguo hakikuwamo. Wengine husema wakubwa wetu walipenda anasa kuliko kazi. Mimi siafiki. Mtu anayekopesha fedha katika karafuu na pembe, kwa faida ya zama zile, hana haraka ya kuagiza mitambo. Na hata angeagiza, asingeweza kuikinga. Ule ushuru wa asilimia 5 wa mwaka 1833, ambao Waingereza nao waliupata kwa mkataba wa 1839, ulimfunga mtawala mikono: hakuweza kupandisha kodi ya nguo ya nje hata kidogo ili cha nyumbani kipate kusimama. Marekani yenyewe iliyotia saini mkataba huo ilikuwa ikivilinda viwanda vyake kwa ushuru mkubwa kuliko huo.

Walionusurika ni wafumi wa Benadir. Walifanya kama watu wa Sofala: wakanunua uzi wa viwanda vya nje na kuendelea kufuma kwa mkono nguo ambayo wanawake wa kwao hawakutaka kuibadilisha na nyingine.

Kanga ilirudia kisa kilekile. Ilianza kwa wanawake wa Pwani kushona pamoja leso zilizokatwa kwenye majora. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza zichapwe nzima. Wa kukumbukwa zaidi ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zina alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Viwanda vya Uingereza, Uholanzi, India, na baadaye Japani, vikachapa mafumbo ya Kiswahili, kwanza kwa herufi za Kiarabu, bila mchapaji kuelewa anamsuta nani.

Mwaka 1968, kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam kwa mkopo wa China, serikali ilikuwa tayari na mamlaka ambayo Seyyid Said aliyaachia kwa saini: ya kupanga ushuru wake. Kanga na vitenge vya hapo vilivaliwa nchi nzima. Kisha milango ikafunguliwa, mitumba ikaja kwa marobota, na kanga za India zikarudi kwa njia ileile ya bahari. Mwanamke anayenunua leo, awe Darajani au Matrah, huishika kanga kwanza kwa vidole viwili na kuisugua, aone kama ni pamba au ni wanga.