Mitupo Ambayo Haikurushwa

Nyumbani Arash, ng'ombe anayevishwa kengele si lazima awe yule anayetoa maziwa mengi. Kaka yangu, aliyeacha shule ili mimi niendelee, ndiye aliyenifundisha hivyo. Ng'ombe wa kengele anaijua njia ya kwenda majini. Akisimama, kundi zima linasimama. Ukihesabu vibuyu vya maziwa tu, huyo ndiye utakayemuuza kwanza.

Nilimkumbuka ng'ombe huyo bwenini, nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya historia, siku tulipobishana kuhusu Hasheem Thabeet. Mwenzetu alisoma kwenye simu: michezo 224 ya NBA, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Kisha akamalizia kwamba mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua kijana huyu wa Dar es Salaam akiwa wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Chumba kizima kikacheka. Nami nilicheka, halafu nikaona haya.

Mwanahistoria hufundishwa kuuliza nani aliyehesabu, na alianza lini. NBA ilianza kuhesabu rasmi mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973/74. Bill Russell alistaafu mwaka 1969 akiwa na ubingwa mara 11 na Boston Celtics, na sifa yake kubwa ilikuwa ulinzi. Katika daftari rasmi la ligi, hakuna hata mtupo mmoja aliouzuia. Daftari halikudanganya, liliulizwa mambo mengine.

Hata safu hiyo ilipoongezwa, si yote yaliingia. Msimu wa 2008/09, Chuo Kikuu cha Connecticut, Thabeet mwenye futi 7 na inchi 3 alizuia wastani wa mitupo 4.2 kwa mchezo, na timu yake ikafika nusu fainali ya ubingwa wa vyuo. Hiyo imeandikwa. Lakini mchezaji aliyekimbilia kikapuni, akainua macho, akamwona, akaurudisha mpira nje, hana safu. Mtupo ambao haukurushwa hauachi alama kwenye karatasi, hata kama umeamua mchezo.

Sisemi haya kumtetea kwa kuwa ni wa kwetu. Katika NBA hakudumu; msimu wake wa kwanza tu alishushwa kwa muda ligi ya chini. Takwimu zile zinasema kweli. Na kuwa Mtanzania wa kwanza kufika huko ni thamani ya aina nyingine, isichanganywe na kazi ya uwanjani. Ila wastani wa pointi unajibu swali moja, alifanya nini na mpira. Haujibu la pili: aliwafanya wengine waache nini?

Swali hilo la pili ndilo lililonirudisha nyumbani. Kwenye rejista ya shule, kaka yangu ni jina lililokatwa kwa utoro. Hakuna safu ya asubuhi alizopeleka ng'ombe malishoni ili mimi nikae darasani.

Nilimsimulia yote haya kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na huyo mrefu, wenzake walimfuata?"

Nikamjibu: Connecticut, ndiyo. Memphis, hapana.