KICHAA CHA MBWA (3): Chanjo ya mbwa inavyomlinda mtoto wako

Mama mwenzangu, tuendelee.

Tarehe 6 Julai 1885, kule Paris, Louis Pasteur alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa. Mtoto akapona. Ila chanjo ya aliyeng'atwa inakimbizana na muda. Dalili zikishaanza, tiba hakuna.

Je, tukianza na mbwa mwenyewe? Hilo lilijaribiwa hapa jirani. Kuanzia 1996, wilaya ya Serengeti, mbwa wa vijijini walichanjwa kwa kampeni. Kichaa kwa mbwa kikashuka sana, na watu wanaong'atwa wakapungua pia. Baadaye chanjo zikafika Bariadi na Meatu, ambazo hadi 2012 zilikuwa mkoa wetu wa Shinyanga.

Funzo lake: wakichanjwa mbwa 70 kati ya 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Lakini mbwa wanazaliana, na vitoto vya baada ya kampeni havina kinga. Ndo maana chanjo inarudiwa kila mwaka.

Kwa hiyo yule mbwa anayelinda mji au anayekwenda na watoto machungani, mpeleke. Paka naye. Kama mmehamia machimboni Geita, muulize afisa mifugo wa kata, na kadi ya chanjo itunze.

Mtoto aking'atwa, hata mchubuko tu: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona mbwa atafanyaje.