Kuharisha

Katika Tanzania Bara watu wengi husema mtoto "anaharisha", ingawa kamusi hutanguliza "kuhara". Silumbani na wasemaji. Kinachonigusa ni yale ambayo neno hili huyaacha nje, hasa linapogeuzwa kuwa takwimu.

Utafiti wa kitaifa wa afya huwauliza kina mama iwapo mtoto wa chini ya miaka 5 aliharisha katika wiki 2 zilizopita. Shirika la Afya Duniani lina kipimo chake: choo laini au cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku. Lakini ukimuuliza mama wa Tabora kama mwanawe aliharisha, huenda akajibu hapana, "alikuwa anaota meno tu". Kwake hayo si maradhi, basi hayahesabiki. Mwingine atasema "tumbo lilimsumbua", na karani asiyedadisi ataruka mstari. Ndiyo maana naamini swali lianze na choo chenyewe, mama aeleze kilivyokuwa na mara ngapi.

Tuna mfano wa zamani wa kuanza na maelezo ya watu wenyewe. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, alifuatilia njia ya ugonjwa huo kwa kuwahoji wasafiri wa misafara ya bara. Kitabu chake juu ya uchunguzi huo kilitoka 1876. Bila dodoso wala maabara ya kutambua kimelea, alitegemea maelezo ya watu waliopita njia hizo kwa miguu.