Kisukuku

Kisukuku, wingi visukuku, ni mabaki au alama ya kiumbe iliyohifadhika mwambani. Sharti ni uhai; sura haitoshi. Vijitawi vyeusi juu ya bapa la jiwe, vinavyofanana kabisa na kangaga, mara nyingi ni manganisi iliyoletwa na maji ndani ya ufa. Havijawahi kuwa mmea, na si haki kuviita visukuku.

Huku Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, mtihani ni mgumu zaidi. Gamba la konokono Neothauma tanganyicense, anayeishi katika ziwa hili peke yake, laweza kuwa la juzi au la maelfu ya miaka, na weupe wake hautaji umri. Kisha kuna stromatolaiti, vichuguu vya chokaa vilivyojengwa ziwani na utando wa bakteria na mwani, tabaka juu ya tabaka. Ukitazama kwa nje, utaapa ni jiwe tupu. Lakini lililopasuka huonyesha tabaka nyembamba zilizobenuka kuelekea juu, kulikotoka mwanga. Donge la madini tu kwa kawaida huzungusha duru zake pande zote za kiini. Jiwe hilo la stromatolaiti, lisilo na sura ya kiumbe chochote, ni kisukuku halali, na wanasayansi hulitumia kujua kina cha ziwa zamani.