Kusitasita kama dosari ya shujaa wa tanzia

Katika uchambuzi wa tamthilia, kusitasita ni dosari ya mhusika mkuu anayejua jambo linalomkabili, mwenye uwezo wa kulitenda, lakini anayechelewa kukata shauri mpaka shauri lenyewe linamtoka mikononi. Hali hii si woga, na ajizi pia siyo. Hadithi za Afrika Mashariki zina fisi aliyeshindwa na njia mbili. Yeye aliponzwa na tamaa, ilhali shujaa wa tanzia mara nyingi huponzwa na dhamiri.

Chimbuko

Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alieleza kwamba shujaa wa tanzia huanguka kwa kosa, si kwa uovu. Wahakiki wa baadaye walilihamisha kosa hilo kutoka kwenye tendo hadi kwenye tabia, na hapo kusitasita kukaingia katika orodha ya dosari pamoja na kiburi, wivu na uchu wa madaraka.

Mfano wa zamani ulio wazi kabisa umo katika tamthilia ya Euripides kuhusu Iphigenia huko Aulis. Meli za Wagiriki zimekwama, na mungu wa kike Artemis anataka binti wa jemadari Agamemnon atolewe kafara. Baba ameshamwandikia binti aje, kwa kisingizio cha ndoa. Usiku, mbele ya taa, anaandika barua ya pili ya kumzuia: anaandika, anafuta, anatia muhuri, anaubandua, anakitupa kibao chini huku akilia. Mtumishi mzee anatumwa nayo, lakini Menelaus, nduguye Agamemnon, anamnyang'anya njiani, na binti anafika kambini. Baadaye Menelaus mwenyewe analegea. Agamemnon sasa anasema haiwezekani tena, maana jeshi litajua na litalazimisha.

Hapo ndipo kiini cha dosari hii kilipo. Kusita kwa mtu peke yake humcheleweshea mambo yake tu. Kunakuwa janga pale nyuma yake pana umati uliokwisha kuamua.

Shakespeare na msomaji wa Kiswahili

Hamlet, ya mwanzoni mwa karne ya 17, ndiyo hutajwa kwanza. Mwana wa mfalme anamkuta muuaji wa baba yake akisali, anauchomoa upanga, kisha anaurudisha. Mpaka pazia la mwisho, Polonius, Ophelia, Laertes, Malkia Gertrude na Hamlet mwenyewe wameshakufa. Mhakiki Coleridge alimlaumu Hamlet kwa kufikiri kupita kiasi; mwenzake A. C. Bradley, mwaka 1904, alisema chanzo ni huzuni nzito iliyomvunja nguvu. Filamu ya Laurence Olivier ya 1948 ilimtambulisha moja kwa moja kuwa mtu asiyeweza kukata shauri.

Msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, alikutana mapema na msitaji mwingine, Brutus, kupitia kalamu ya mtu wa Mara. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, magharibi mwa Serengeti, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963 akiwa kiongozi wa nchi, akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Brutus anakesha bustanini, hana usingizi tangu mwenzake Cassius alipomchochea dhidi ya Caesar, akipima urafiki dhidi ya jamhuri. Hatimaye anaamua, lakini nusunusu: anakubali Caesar auawe, anakataa Antony, rafiki wa Caesar, aguswe, kisha anamruhusu Antony kuhutubia mazishini. Hotuba moja inatosha kuugeuza umati wa Roma.

Kinjeketile

Katika tamthilia ya Kiswahili, dosari hii imechorwa kwa kina na Ebrahim Hussein katika Kinjeketile (1969). Shujaa wake anavutwa na mzimu Hongo ndani ya mto Rufiji, anatoka akiwa mkavu, na maji yake ya dawa yanaunganisha makabila dhidi ya Wajerumani. Lakini akiwa amepagawa ametamka kwamba watakuwa chini ya Seyyid Said. Akili inapomrudia anashtuka: ukombozi gani huu wa kubadilisha bwana? Kuanzia hapo anasita kuwapa wapiganaji ruhusa. Wao wameshayaamini maji, hawataki kungoja, na vita vinaanza.

Tofauti na Hamlet, shaka ya Kinjeketile ni sahihi, ila imechelewa. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa akiri kuwa maji ni uongo. Hapo hasiti tena. Anakataa, kwa sababu kukiri kungewaambia vizazi vijavyo kwamba mapambano yao yalikuwa kosa.

Hussein mwenyewe alionya kwamba mhusika wake si nakala ya mtu wa historia. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya vita vya Maji Maji dhidi yao kulipuka katika milima ya Matumbi. Vita vikaendelea bila yeye hadi 1907.

Uamuzi wa baraza

Tanzia za aina hii huhitaji mtu mmoja aliyebeba uamuzi wa wengi. Miongoni mwa Wakurya wa Tarime na sehemu za Serengeti, mzigo huo kimila hauwekwi begani mwa mtu mmoja. Mambo mazito, kama kufungua msimu wa tohara, hushughulikiwa na inchama, baraza la siri la wazee, huku iritongo, mkutano wa hadhara wa ukoo, ukisikiliza mashauri mengine. Mzee anayeomba jambo lingoje hasemi peke yake usiku mbele ya taa. Anasema mbele ya wenzake, nao wanaweza kumjibu. Kuchelewa kwa baraza kunaweza kuwa busara au kukawa hila, lakini anayekawia na anayesubiri wamo katika mkutano mmoja. Agamemnon na Kinjeketile hawakuwa na kikao cha namna hiyo: neno lao lilitoka kwanza, shaka ikafuata, na waliolipokea neno walikuwa wameshashika silaha.