Kamba ya Mpunga na Mkwaju wa Katabi

"Kaka, upande wa kushoto uje juu. Ukiweka wa kulia juu, hilo ni vazi la maiti." Binti aliyeniambia hivyo alikuwa mwanafunzi Mtanzania, na alikuwa akinivalisha yukata, vazi jepesi la pamba ambalo Wajapani huvaa wakati wa joto. Ilikuwa jioni ya utamaduni wa Kijapani, wanafunzi wenyewe wameiandaa chuoni, Dodoma. Alinikaza mshipi kiunoni, akanisogeza kwenye duara la wachezaji.

Ngoma ilikuwa Tanko Bushi, ya wachimba makaa ya mawe wa kisiwa cha Kyushu. Siku hizi huchezwa Japani nzima wakati wa Obon, siku ambazo roho za wazee waliotangulia hupokewa majumbani. Unachimba mara mbili kulia, mara mbili kushoto, unatupa mzigo begani, unakinga macho kwa kiganja, kisha unasukuma toroli. Mimi ni mtoto wa Mpanda, mji uliofikiwa na reli ya kutoka Kaliua kwa sababu ya madini ya risasi, na mikono yangu ilielewa haraka.

Nikaikumbuka Bugobogobo, ambayo Wasukuma waliohamia kwetu wamekuja nayo. Nayo imezaliwa na kazi, ya jembe. Lakini kwa Mjapani kazi imebaki ishara ya mikono mitupu, ilhali Msukuma anashika jembe lenyewe, analirusha na kulidaka mdundo usikatike. Duara la Obon halina mshindi. Bibi na mjukuu wanaingia wakati wowote. Bugobogobo inataka ustadi, na watazamaji wanaoujua. Kwa macho yangu Bugobogobo ni ngoma kubwa zaidi, ila ile ya Obon ni karimu zaidi kwa mgeni.

Kilichonigusa hasa kilikuwa ukutani. Ilikuwa picha ya mti mkongwe, shina lake limezungushiwa kamba nene ya mabua ya mpunga, na karatasi nyeupe zilizokunjwa pembepembe zikining'inia. Kijana mmoja alieleza kwamba kamba hiyo huitwa shimenawa, kwamba mti ni makao ya kami, roho wanaoheshimiwa na Wajapani, na kwamba kamba hutenga mahali patakatifu na pa kawaida. Wanafunzi walisikiliza kwa heshima. Hakuna aliyecheka, wala aliyetamka neno ushirikina.

Kwetu, karibu na Ziwa Katavi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, upo mkwaju ambao watu huamini ndio makao ya roho ya Katabi. Jina la hifadhi, na sasa la mkoa uliozaliwa mwaka 2012, linatokana naye. Watu huweka sadaka chini yake kuomba baraka. Mabua ya mpunga tunayo tele Mpimbwe, lakini hatuyasokoti kuwa kamba ya mti. Mpaka wa mkwaju wetu umo katika maneno ya wazee. Mjapani anaonyesha utakatifu kwa alama ambayo hata mpita njia ataiona. Sisi tunaulinda kwa kunyamaza, na kunyamaza huko ni adabu. Tatizo ni kwamba shuleni tulifundishwa kuona kuwa kunyamaza huko ni aibu, na mtoto aliyefundishwa kuona aibu hamuulizi babu yake.

Wajapani waliuliza. Katika miaka ya 1970 msomi Makoto Kakeya aliishi na Watongwe, jirani zetu wa upande wa Ziwa Tanganyika, akajifunza kilimo chao, vyakula vyao na tiba zao, hadi wakamfundisha uganga na kumsimika. Alikuja kama mwanafunzi wa wazee ambao wajukuu wao leo wanaona haya kuwataja.

Vijana wa Katavi mlioko vyuoni, Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam, na hapo nyumbani Mpimbwe kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine: mmeonyesha mnaweza kuujaza ukumbi kwa ajili ya mti wa Japani. Likizo hii nendeni kwa wazee wa Kibende, Kipimbwe na Kikonongo, ombeni ruhusa ya kile kinachoweza kusemwa hadharani, kisha andaeni jioni ya mkwaju wa Katabi. Mimi nitakuja, na asali ya Inyonga nitaileta.