Puto, Pumzi na Mpira

Mwishoni mwa muhula mmoja wanafunzi wangu walikuwa wakipamba darasa kwa maputo. Binti mmoja, mashavu yamemvimba na machozi yanamlenga, aliacha kupuliza akaniuliza: "Mwalimu, mbona pumzi ya kwanza ndiyo ngumu, na zinazofuata ni nyepesi?" Nami, kwa kuwa ni mwalimu wa lugha, nikamjibu kwa methali: "Mwanzo mgumu, mwanangu." Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Nilitambua baadaye kwamba nilikuwa nimefunika ujinga wangu kwa methali, jambo ambalo sisi walimu wa Kiswahili hulifanya mara nyingi. Makala haya ni malipo ya deni lile.

Hapo kale watoto wa Ulaya walipuliza vibofu vya wanyama waliochinjwa. Puto la mpira lilitokea London mwaka 1824, wala halikukusudiwa kuwa kitu cha mchezo. Mwanasayansi Michael Faraday, wa Taasisi ya Kifalme, alihitaji mfuko wa kutilia gesi ya haidrojeni. Alichukua vipande viwili bapa vya mpira mbichi, akavilaza kimoja juu ya kingine, akazibana kingo zake zikashikana, na ndani akanyunyiza unga ili pande mbili zisigandamane. Mwaka uliofuata Thomas Hancock, mtengenezaji wa vitu vya mpira, akaanza kuuza vifaa vya kujitengenezea puto: chupa ya mpira wa majimaji na bomba la kupulizia. Lakini mpira ule mbichi ulikuwa na ila: baridi iliukakamaza, joto liliufanya unate. Mnamo 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba ukipikwa pamoja na salfa, ila hiyo huondoka.

Sasa turudi kwenye swali la binti. Hewa haina ugumu; kinachoipinga pumzi ni mpira. Ngozi ya puto iliyovutwa hutaka kurudi ilivyokuwa, na kwa hiyo huibana hewa iliyo ndani. Puto likiwa dogo, ngozi yake imepinda sana, na nguvu ya mvuto huelekea ndani kwa wingi; hivyo kanieneo, yaani kani igawanywayo kwa eneo, huwa kubwa. Puto likikua, mpindo hupungua, ngozi huwa nyembamba, nayo huielemea hewa kidogo zaidi. Kwa hesabu za wataalamu, kilele cha ugumu hufikiwa upana wa puto unapoongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja tu. Baada ya hapo pumzi hupita kwa wepesi, mpaka nyuzi za mpira zikaribie kunyooka kabisa. Hapo ugumu hurudi, na asiyekoma husikia mlio.

Uthibitisho wake ni huu. Ukiunganisha kwa mrija puto dogo na puto kubwa, wengi hutazamia kubwa ligawie dogo hewa. Mara nyingi hutokea kinyume: dogo hunywea na kubwa huzidi kujaa. Tena, anayelivuta puto kwa mikono kabla ya kulipuliza hafanyi ushirikina, kwani mpira uliokwisha kuvutwa huwa laini zaidi mara ya pili.

Basi hewa ni ya bure. Gharama iko katika mpira. Na sisi tulio jirani na Kongo tunaijua gharama hiyo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, huko Belfast, alisajili uvumbuzi wa gurudumu la mpira lililojazwa hewa, na viwanda vya Ulaya na Marekani vikaulilia mpira. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa miliki ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji toka 1885 hadi 1908, utomvu ulikamuliwa kutoka mimea itambaayo, jamaa ya mbungo wa mwambao. Vijiji vilitozwa kiasi cha mpira. Walioshindwa walipigwa na kuuawa, wake zao walishikwa rehani, na wengi walikatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliyaweka hayo wazi, na hatimaye mfalme alilazimika kuiachia nchi.

Maafa hayo yaliletwa na magurudumu zaidi kuliko maputo. Hata hivyo neno letu ni moja: mpira ni mmea, ni utomvu wake uliokaushwa, na ni kitu wanachochezea watoto. Mwalimu anayelifundisha neno hilo afundishe maana zake zote, pamoja na ile iliyolipiwa kwa damu.

Muhula uliofuata nilimpa binti yule maputo mawili na mrija, nikamweleza niliyojifunza. Methali niliitaja mwishoni. Walimu wenzangu, methali na ije baada ya maelezo, isije badala yake.